Picha Ikisimama Inaungua

Fundi wa gari la sinema alikuwa na sheria moja aliyoitangaza kila alikofika, kabla hata hajakaribishwa maji: picha haisimami. Mtu asimwombe asimamishe ili atazame vizuri, mtu asiombe arudishiwe nyuma, mtu asilalamike kwamba kuna kitu kimempita. Taa ya mashine yake ilikuwa kali kiasi kwamba mkanda ulipona kwa kukimbia tu. Kila kipicha kilipita mbele ya taa kufumba na kufumbua, kikampisha mwenzake. Kikikawia, kinaharibika. "Picha ikisimama inaungua," alikuwa akisema, na akishasema anakukazia macho mpaka uitikie, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayesikiliza sura.

Niliishi naye jirani hapa Korogwe, mtaa wa Manundu, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamsikia kule kwetu Kwamsisi, upande wa Handeni. Nasema nilimsikia kwa sababu kumwona sikumwona, na hilo nitalieleza, maana ndilo linalonifanya niandike habari za mtu ambaye hakuwa ndugu yangu. Nilimharibia jambo moja tu alilolitaka duniani. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi ameshaota mvi.

Jambo lenyewe halikuwa siri. Fundi alikuwa anamtafuta mdogo wake. Walikuja wawili kutoka bara kwa lori la manamba, vibarua wa mkataba, wakapewa siku moja vipande, kadi za kuhesabia siku zao za kazi, wakalala kambi moja, wakakata mkonge safu moja. Mdogo mtu alikuwa wa shoto. Katika safu ya wakataji mtu wa shoto ni kero, panga lake linakwenda kinyume na la jirani yake, na nyapara wa safu ile hakuwa mtu wa kuvumilia kero. Alimlazimisha kukata kwa mkono wa kulia. Kazi ikawa haimaliziki, kipande hakijai, fimbo zikawa za kila siku. Asubuhi moja kitanda chake kilikutwa kitupu. Enzi zile kukimbia mkataba lilikuwa kosa la kufungwa, na mtoro hatembei na jina lake, kwa hiyo hata ungetaka kuulizia ungeulizia nani?

Kabla hajatoroka walikuwa wamepita watu wa kupiga sinema, wakapiga mkanda wa namna mkonge unavyokatwa na kufungwa mizigo. Fundi aliuona mkanda huo kambini wakati mdogo wake ameshapotea. Ni safu ya watu kumi na wawili wanaosogea kukujia. Wa mwisho, kule pembeni kabisa, kijana mwembamba, shati halina mikono, panga liko mkono wa kushoto. Yule ndiye. Anaonekana kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, kisha inakuja picha ya punda. Haya yote aliniambia baadaye, tulipokuwa hatuna tena la kufichana. Aliniambia kesho yake alikwenda kuomba kazi kwenye gari la sinema, kazi yoyote, hata ya kuosha matairi. Injini alikuwa ameshazizoea kwenye kiwanda cha mkonge, alikohamishiwa baadaye. Haukupita muda mrefu mashine ikawa mikononi mwake, na tangu hapo hakuwa na nia nyingine ila kuuzungusha mkanda ule kijiji kwa kijiji, kambi kwa kambi, mpaka atokee mtu aseme, huyu namjua.

Kwa binadamu alikuwa na maneno machache. Kwa mashine alikuwa mtu mwingine, aliisemesha jioni nzima. Injini ya umeme aliiweka mbali, nyuma ya vichaka, ili kelele zake zisimeze sauti, akavuta waya mrefu mpaka kwenye gari. Injini ikiwa bado baridi umeme ulisitasita, na watu waliomo kwenye picha wakazungumza kwa sauti nzito, wanajivuta kama wenye homa. Ikichanganya sana wakazungumza kama watoto. Fundi alikuwa akiwaambia watazamaji wasubiri kidogo, watu wale wapate umri wao. Masika kumbikumbi waliifuata nuru, vivuli vyao vikapita kwenye kitambaa vikubwa kama mbuzi, na watu wakacheka kuliko walivyocheka sinema yenyewe. Yeye hakucheka. Alifuta kioo kwa pindo la shati lake na kuomba radhi, sijui alikuwa anawaomba watu au mashine.

Mkanda, alisema, lazima uachiwe ulegee kidogo juu ya taa na chini yake. Ukiukaza unakatika. Alilisema hilo kila alipokuwa anaupachika, na mara moja nilimsikia akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nyapara hakumwachia mtoto, ndivyo alivyomwita mdogo wake, nafasi ya kulegea.

Uaminifu wake ulikuwa wa kuchosha. Ukimpa kuku kijijini anamrudisha, kwa kuwa amekuja na gari la Serikali na kuku yule atakuwa wa Serikali. Yai hakupokea. Lakini mtu huyo huyo, ofisi ilipoagiza mikanda yote ya zamani irudishwe Tanga, aliandika kwamba ule wa mkonge umeliwa na mchwa. Aliuficha kwenye kopo la biskuti, ameuzungushia kanga, chini ya kitanda. Tangu hapo hakuuonyesha tena Korogwe mjini, karibu na macho ya wakubwa. Aliuchomeka katikati ya mikanda mingine kwenye vijiji vya mbali tu, na karani waliyefuatana naye, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma maneno ya Serikali kwenye kipaza sauti, alijifanya hajui hesabu ya mikanda. Ila kwa masharti: Fundi akishike kipaza sauti kwa sentensi moja tu, na jina la mtoro lisitajwe mbele yake, kwani akilisikia itambidi aliripoti. Basi Fundi akawa anamtafuta ndugu yake bila kumtaja jina. Hebu fikiri.

Alikuwa pia mtu wa adabu, na hapa ndipo kisa kilipo.

Vijiji vingi vya upande wa Handeni, na Kwamsisi kikiwemo, wazee hawakukubali wanawake na wanaume wachanganyike gizani. Uamuzi ukawa kitambaa kitundikwe katikati ya uwanja, wanaume wakae upande wa mashine, wanawake wakae upande wa pili, nyuma ya kitambaa. Mafundi wengine hawakujali, wanawake waone wasione. Fundi wetu alijali. Aliomba ndoo ya maji, akakilowanisha kitambaa chote kutoka juu hadi chini, kwa sababu kitambaa kilicholowa kinapitisha picha upande wa pili karibu sawa na mbele. Kikianza kukauka alikatiza onyesho na kukilowanisha upya. "Mwanga hauna adabu, unapita nguo," aliwatania wazee, na wazee wakacheka wakiwa wamekunja nyuso. Bibi yangu alisema huku nyuma kwamba yule bwana, hata kama hatumwoni, amelelewa.

Jioni ile baada ya swala ya Isha tulikaa juu ya mikeka, upande wetu. Mimi nilikuwa mwari niliyekaribia kuolewa, na nilisifika kwa macho mazuri. Bibi ndiye alikuwa msemaji wa wanawake. Jibu lolote la kwetu lilipita kwake, naye akalipeleka kwa mzee wa msikiti, ndipo likamfikia mgeni. Picha zilikuja za mbegu za pamba, za daraja, za askari wanaopiga tarumbeta. Maandishi yalipita, nasi tulikuwa hatujui kusoma, kwa hiyo hayakutushughulisha. Kisha ukaja mkonge, na sauti ya karani ikanyamaza, ikaja sauti nyingine, nzito, inayokwaruza kidogo.

"Mtazameni yule anayekata kwa mkono wa shoto. Ni ndugu yangu. Anayemjua aniambie."

Nilimwona mara moja. Alikuwa wa mbele kabisa, mtu mkubwa mwenye ndevu na kofia, panga linapanda na kushuka mkono wa kushoto. Uso wake ulijaa kitambaa. Nilimtazama yeye tu, na wenzangu wote walimtazama yeye tu, mpaka akaja punda. Bibi akauliza nani amemwona vizuri. Nikasema mimi. Akauliza tunamjua? Nikasema hatumjui. Nilikuwa na haraka hata, nilifurahi kuulizwa. Neno likatoka kwangu likaenda kwa Bibi, kwa Bibi likaenda kwa mzee wa msikiti, na kule mbele Fundi akaambiwa wanawake wanasema hawamjui. Wanaume nao walikuwa wameshasema wengi hawakuwahi kuona vizuri, wa mwisho yule alipita upesi. Gari likaondoka alfajiri.

Pale Kwamsisi tulikuwa na mtu wetu wa shoto. Tulimwita Mgeni, kwa kuwa alikuja peke yake na hakusema anatoka wapi. Alichimba visima na kukata nguzo za kujengea, na alijenga kibanda nje kidogo ya kijiji. Mtu mpole, mwembamba, anakula kwa mkono wa kulia kwa shida kama anayefanya kazi ya mtu mwingine. Akisikia muungurumo wa gari lolote alichukua panga lake akaingia porini, na hatukumcheka, kila mtu ana lake. Siku ile ya sinema alisikia gari tangu liko mbali. Asiyekuwapo na lake halipo. Wala hakuna aliyemtaja, maana sisi tulikuwa tumeshasema wa kwenye picha hatumjui.

Alirudi siku ya pili. Alinikuta kisimani akaniuliza gari lilifuata nini. Nikamsimulia yote, kwa mbwembwe, maana nilikuwa msimuliaji: fundi anamtafuta ndugu yake, mkata mkonge, mtu wa shoto. Mgeni aliweka ndoo chini.

"Ulimwona huyo wa shoto kwenye picha, dada?"

"Nimemwona kwa macho yangu mawili. Mtu mkubwa, ana ndevu mpaka hapa, ana kofia."

"Una hakika?"

Nilimwapia. Nilishika shingo yangu nikamwapia kwa Mungu. Akauliza fundi mwenyewe yukoje, mrefu, mfupi, nikasema sikumwona, sisi tulikuwa nyuma, nilisikia sauti tu kwenye spika. Akasema neno moja, "Nilidhani," akachukua ndoo yake. Mwezi uliofuata aliaga kwa wazee, akasema anakwenda kwao bara kutafuta habari za kaka yake, pengine alishamaliza mkataba akarudi. Akatoka kwa miguu, peke yake, na panga lake.

Niliolewa Korogwe na mtu wa kazi ya stesheni, nikahamia Manundu, na nyumba ya pili ilikuwa ya Fundi. Nilimtambua kwa sauti. Nilipomwamkia shikamoo na kumwambia mimi ni wa Kwamsisi, na kwamba tulimtazama vizuri ndugu yake ila hatukumjua, alisema marahaba na kuitikia kwa kichwa. Majibu ya hapana alikuwa ameshayasikia mengi. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuwa na zaidi. Nilimpelekea uji alipoumwa, akanitengenezea taa yangu ya mafuta. Nilipopata mtoto akaanza kuniita Mama Hadija. Ujirani ukakolea hivyo, huku jibu lake liko kwangu na hakuna kati yetu anayejua.

Katika mfuko wa shati alitembea na ukurasa wa gazeti la Kizungu uliokunjwa mpaka ukaanza kuachana. Mzungu mmoja aliyekuwa akitengeneza mashine za gari kule Tanga alikuwa amempa na kumfafanulia. Ulaya, alisema, wametengeneza mashine isiyotumia mkanda. Inatupa ukutani picha kubwa kuliko nyumba, na picha hiyo si ya jana wala ya mwaka jana, ni ya jambo linalotendeka saa hiyo hiyo mahali pengine. Ndani yake kuna sahani ya kioo inayozunguka polepole, juu ya sahani kuna mafuta membamba, na umeme unachora mifereji juu ya mafuta hayo. Mafuta yakitulia, nuru ya taa inazuiwa na ukuta unakuwa mweusi. Yakichorwa, nuru inapinda, inapata pa kupenya, na pale ilipopenya pana picha. Ni mashine yenye udhia, alinionya, kana kwamba nilikuwa nakwenda kuinunua. Ni kubwa kama kabati, hewa yote lazima ifyonzwe nje kwanza, na kazi hiyo inachukua masaa, mafuta lazima yapozwe la sivyo picha inakorogeka, na umeme wenyewe unayaharibu mafuta polepole.

Mchana mmoja alinionyesha. Aliweka kioo cha kunyolea ndani ya sinia, akamimina mafuta ya mbarika kidogo sana, akalisogeza sinia mpaka jua la mlangoni likapiga pale na kurudi ukutani. Akachukua njiti ya ufagio akachora mstari juu ya mafuta. Ukutani mstari ukang'aa, ukatetemeka, halafu ukafifia kadiri mafuta yalivyojirudi.

"Unaona? Yamesahau. Mkanda unakumbuka mpaka unachakaa, Mama Hadija. Mafuta yanasahau papo hapo, ndiyo maana yanaweza kuonyesha sasa. Mkanda wangu unanionyesha alipokuwa. Mimi nataka alipo."

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, hilo jicho la mashine atalielekeza wapi ikiwa hajui alipo. Alilifunika sinia kwa kawa, akatoka nje kwenda kuitazama injini ambayo haikuwa na ubaya wowote. Niliumia, nikajua nimegusa mahali ambapo na yeye alikuwa ameshafika peke yake, akarudi nyuma.

Macho yake yalianza kuingia ukungu. Yeye alisema ni malipo ya kuitazama taa miaka yote. Mganga wa hospitali alisema ni mtoto wa jicho. Alificha mpaka alipokosea kupachika mkanda mbele ya mkubwa mmoja, ndipo ikaja barua kwamba mwisho wa mwezi amkabidhi gari mtu mwingine. Wiki hiyo alikuja kwetu jioni, akabisha hodi, akakaa kwenye kiti bila kuegemea. Alisema anataka kuutazama mkanda wake mara ya mwisho kabla mashine haijachukuliwa, lakini macho hayamfikishi tena kwa mtoto. Akaniomba niende nikae karibu naye, na mtoto akitokea nimwambie, sasa yupo, ili naye ajue anatazama wakati gani. Mume wangu akasema tutakwenda wote.

Tulikwenda kwenye banda la gari. Alitundika kitambaa kikavu ukutani, akaniweka kwenye kigoda kando ya mashine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbele ya picha ile. Mkanda ukaanza kulia, nuru ikatoka, maandishi yakapita. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kusoma kidogo kwenye darasa la kina mama, na nakumbuka nilifurahi kwamba herufi nazitambua. Kisha ikaja safu.

Yule mtu mkubwa mwenye ndevu alikuwa anakata kwa mkono wa kulia.

Nilimtazama nikidhani nimechoka. Wa pili, wa kulia. Wa tatu, wa kulia. Safu nzima mapanga yalipanda upande mmoja, na kule pembeni, mwembamba, shati halina mikono, alikuwapo mmoja ambaye panga lake lilipanda upande wa pili. Aliinua kichwa kidogo. Alikuwa Mgeni, mchimba visima wetu. Kwamsisi tulikaa nyuma ya kitambaa, na nyuma ya kitambaa kila kitu kinageuka, kama karatasi iliyoandikwa ukiitazama kwa mgongo. Kwetu watu wa kulia waligeuka kuwa wa shoto, na wa shoto mmoja akageuka kuwa wa kulia. Tuliambiwa tumtazame wa shoto, tukamtazama wa kwanza tuliyemwona.

"Simamisha," nilisema. "Fundi, simamisha, namjua."

Naye akasimamisha. Mtu aliyeipigia kelele Handeni nzima na Korogwe nzima kwamba picha haisimami, alibonyeza mkono wa chuma wa mashine, na mkanda ukatulia. Kwa nusu ya pumzi Mgeni alisimama pale ukutani, panga juu, ananitazama. Halafu doa la rangi ya chai likatokea kifuani mwake, likatokota, likapanuka, likala mabega, likala uso. Ukuta ukabaki mweupe. Fundi hakuliona doa hilo. Alisikia harufu.

"Ameungua?" aliuliza.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Ndiyo, Fundi." Fundi alizima taa, akapapasa akautoa mkanda, akapitisha kidole mpaka kwenye tundu, akakiacha kidole pale. Nilimweleza yote kwa kulia: Mgeni, kisima, ndevu, kiapo changu, safari ya kwenda bara. Nilimweleza tulivyokaa. Nilitegemea atanipiga, na ningempa shavu.

"Na kitambaa nilikilowanisha mwenyewe," alisema.

Tulikwenda naye Kwamsisi, kwa lori mpaka Handeni kisha kwa miguu. Kibanda cha Mgeni kilikuwa kimeanguka, nguzo mbili tu zimesimama. Wazee walisema hajarudi wala hajaleta salamu. Nilimwongoza Fundi kwenye nguzo, akazipapasa pale chini zilipochongwa. Mtu wa kulia akichonga, mikato yake inalalia upande mmoja. Ile ililalia upande mwingine. Aliirudia kwa vidole mara tatu, akaiegemea nguzo kwa paji la uso, akasema ni yeye. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama pale, wanaume na wanawake pamoja. Bibi yangu alikuwa ameshafariki, nikashukuru kwamba hakuliona hilo. Tulipoandikisha barua kwenda kwao, jibu lilikuja baada ya miezi: mdogo wake hakufika. Barua nyingine, jibu lile lile. Kati ya Kwamsisi na bara kuna mapori, mito na magereza, na mtu asiye na jina lake hata akifa njiani haandikwi.

Sitaki kusema alinisamehe, kwa sababu hakusema. Hakunifukuza pia. Alihamia chumba kimoja karibu na njia panda ya Handeni, akisema kila anayetoka kule lazima apite pale, akawa anawasimamisha wapita njia kwa sauti ile ile ya kipaza sauti, sasa bila kipaza sauti, akiuliza habari za mchimba visima. Safari hii alitaja na jina. Hakukuwa tena na karani wa kumwogopa, na hakukuwa na aliyelijua.

Mara ya mwisho nilimtembelea kabla hatujahamia Vugiri. Macho yalikuwa yamefunga kabisa. Kopo la biskuti lilikuwa kitandani, lile sinia chini kando ya ukuta, kioo chake kimefunikwa na vumbi lililonatia kwenye mafuta. Nilimpa shikamoo, nikamwekea maharage niliyokuja nayo. Hakuuliza safari yangu. Aliniambia kwamba siku hizi mtoto anamponyoka. Akimwita akilini anakuja yule mwenye ndevu, wa kwangu, yule niliyemwapia Mgeni. Nilijisikia kufa.

"Wewe ulimwona anafanya kazi miaka miwili," alisema. "Mimi nilikuwa na pumzi nne tu. Nionyeshe."

Nikasimama katikati ya chumba. Nikainua panga ambalo sikuwa nalo, kama nilivyomwona Mgeni akiinua lake pale penye nguzo, bega likitangulia, kichwa kimeinama kidogo. Nikalishusha. Nikainua tena. Yeye alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza kwangu, anasikiliza upepo wa mkono.

"Mkono gani?"

"Wa shoto, Fundi."

Hakuridhika. Alinyoosha mikono yake miwili hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kifundoni, akapanda kwa vidole mpaka begani, kisha akaushika na ule mwingine uliokuwa umening'inia, akailinganisha, wa huku na wa huku, taratibu, mpaka alipokuwa na hakika. Ndipo akaniachia.

"Endelea," alisema. "Usisimame."